Shahidi Aliyetazama Pembeni

Siku ya kwanza nilipomwona shangazi yangu akitoa ushahidi, nilikuwa nimejifungia kwenye chumba cha dawa cha kituo chetu cha afya kisiwani Fundo, simu nimeiegemeza kwenye boksi la glavu, visikizio masikioni. Kioo cha simu kilikuwa kimegawika sehemu tatu. Sehemu moja ilikuwa mahakamani mjini Chake, huku huku Pemba: kadhi mezani kwake, karani pembeni yake, na mbele yao kaka yangu mkubwa na mtoto wa shangazi, kila mmoja na benchi lake. Sehemu ya pili nilikuwa mimi, na makopo ya dawa nyuma ya ushungi wangu. Ya tatu ilikuwa Unguja, nyumbani kwa mtoto wa shangazi. Huko alikuwa shangazi mwenyewe, amekaa kitandani, mtandio mweupe kichwani, nyuma yake pazia la kijani.

Baba alikuwa amefariki kiasi cha mwaka mmoja nyuma. Alituacha wawili tu, kaka na mimi, na shamba la mikarafuu lililo bondeni, njia ya kwendea Wete. Kaka alikwenda kwa kadhi kuomba mirathi igawiwe, na sote tulidhani ni jambo la kumalizika upesi. Ndipo mtoto wa shangazi alipovuka kutoka Unguja na kuweka pingamizi. Alidai shamba halina haja ya kugawiwa kwa sababu baba alikuwa ameshampa yeye hiba, yaani alimzawadia angali mzima na akili zake. Karatasi hakuwa nayo. Shahidi alikuwa naye, mama yake mzazi, dada wa baba, ambaye alikuwapo wakati maneno yakisemwa.

Mama huyo, tukaambiwa, hawezi tena safari ya bahari. Kadhi akakubali asikilizwe kwa simu ya video. Na mimi, kwa kuwa muuguzi mwenzangu alikuwa amejifungua na kituo kizima kilinitegemea, nikakubaliwa kufuatilia kesi hivyo hivyo kutoka Fundo.

Kadhi alimwapisha. Shangazi akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa vizuri, sauti yake ile ile ninayoijua. Kisha kadhi akauliza:

"Bi mkubwa, marehemu ndugu yako alisema nini kuhusu shamba la bondeni?"

Shangazi hakujibu. Macho yake yalikwenda upande wa kushoto, yakakaa huko, yakarudi.

"Alisema, hapa penu," akajibu.

"Alimwambia nani?"

Macho yakaenda tena kushoto. Yakarudi.

"Alituambia sie."

"Wewe na nani?"

Kushoto tena. "Mie na mwanangu."

Nilisogeza uso karibu na simu. Shangazi niliyemjua mimi hakuwa mtu wa kungoja swali limalizike. Alikuwa akikudaka katikati ya maneno, akajibu lako na la jirani yako. Huyu aliyekuwa mbele yangu alijibu kama mtu anayepokea vitu dirishani, kimoja kimoja. Na kila macho yalipokwenda kushoto, nilisikia kwenye visikizio kitu chepesi, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mahakamani wasingeweza kukisikia. Wao walikuwa na runinga kubwa ukutani na feni juu ya vichwa vyao. Mimi nilikuwa na sauti ile ndani ya masikio yangu.

Kulikuwa na mtu mwingine chumbani.

Kadhi akaendelea: "Maneno hayo aliyasema lini? Kabla ya kuugua au baada ya kuugua?"

Swali hilo lilikuwa zito, kwa sababu zawadi ya mgonjwa aliye kitandani mwa mauti ina hukumu yake nyingine. Shangazi alitulia kimya. Hakutikisa hata jicho. Karani akasema, "Picha imeganda, Mheshimiwa, ni mtandao." Wote wakaitazama runinga, wakisubiri.

Lakini mimi nililiona pazia. Shangazi alikuwa ametulia tuli, na nyuma yake lile pazia la kijani likiinuka na kushuka kwa upepo wa feni. Picha iliyoganda haina pazia linalocheza. Nilikuwa nafungua kinywa kusema, na sehemu ya Unguja ikazima yote. Kadhi akaahirisha kesi.

Nilitoka chumba cha dawa nikakuta akina mama na watoto wao wakinisubiri kwa subira kwenye benchi, nikawahudumia bila kujua namwambia nani nini. Kichwani nilikuwa nalitazama pazia.

Jioni nilimpigia kaka. Yeye anakaa Chake, ni mwalimu, mtu mpole, hapendi mambo ya kupaza sauti.

"Kaka, shangazi analishwa maneno."

"Na nani?"

"Kuna mtu pembeni yake. Nimemsikia. Na ile simu haikuganda, imekatwa."

"Wewe umeona kwenye kisimu. Sisi tumeona kwenye runinga nzima, hatukuona kitu."

"Basi mwambie kadhi amuulize vizuri. Aulizwe alimwona nani, alisikia nini, siku gani, walikuwa wamekaa wapi."

"Ya nini?" akasema. "Ushahidi wake peke yake haumfikishi mtu popote. Atashindwa tu. Usimchimbe-chimbe mama wa watu."

"Mama wa watu? Yule ni shangazi yetu."

"Ndiyo maana nakwambia usimchimbe."

Nilikata simu nikiwa na jambo la pili la kushuku. Kaka ndiye aliyefungua kesi. Kwa nini mtu afungue kesi halafu asitake shahidi wa upande wa pili aulizwe?

Ukianza kushuku, kinachofuata huja chenyewe. Nikakumbuka kwamba karani alipoingia alimpa mtoto wa shangazi mkono kwa furaha, wakacheka. Nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwepesi kusema "mtandao". Nikajiuliza hata kuhusu kadhi, kwa nini hakuliona pazia. Nilikuwa nakwenda kulala na watu wote hao kichwani, nawapanga na kuwapangua.

Nilijaribu kuzungumza na shangazi kwa simu ya kawaida. Kila nikipiga alipokea mke wa mtoto wake.

"Nimwambie shikamoo ya nani?" ananiuliza kwa upole.

"Mwambie ni mimi, wa Fundo. Nipe nimsalimie."

"Amelala, wifi yangu."

Siku nyingine anasali. Siku nyingine anaoga. Siku moja nikamwambia basi nipigie video nimtazame tu uso wake nifurahi. Akapiga. Akasimama mlangoni akanionyesha kitanda, na juu ya kitanda mgongo wa mtu aliyejifunika kanga. "Huyo, unamwona? Amelala." Niliuona mgongo tu.

Nilifikiria kuomba ruhusa, nivuke hadi Wete, nipande meli niende nikamwone mwenyewe. Sheha, kiongozi wa serikali wa pale kisiwani, mwanamke mtu mzima tuliyezoeana, alinizuia. "Usiende," aliniambia. "Ukienda, watasema umekwenda kumtisha shahidi. Utaipoteza haki yako kwa miguu yako mwenyewe. Kama una neno, liseme mbele ya kadhi, kila mtu akisikia."

Nikangoja kesi itajwe tena.

Siku ilipofika nilijifungia chumba kile kile. Kabla kadhi hajaanza kumhoji shangazi, niliinua mkono mbele ya kamera, karani akanifungulia sauti.

"Mheshimiwa Kadhi, assalamu alaikum. Nina ombi. Naomba chumba alichomo shangazi kionyeshwe chote. Naamini kuna mtu pamoja naye."

Mtoto wa shangazi akasimama. "Mheshimiwa, huku ni kumdhalilisha mama yangu. Mama ni mtu mzima, ameapa kwa Msahafu."

Nilimtazama kaka. Alikuwa ameinamia vidole vyake.

Kadhi akafikiri. Kisha akasema kwa utulivu, "Kuonyesha chumba si kumdhalilisha mtu. Anayeishika simu huko, aizungushe."

Hapo tu, kwa kule kusema "anayeishika simu", nilijua kwamba hata yeye alikuwa na shaka moyoni.

Picha ikayumba. Tukaona dari, feni, kabati la nguo, dirisha, pazia la kijani. Ikashuka chini, na hapo tukaona magoti mawili yaliyofunikwa kanga, yamegusana na miguu ya shangazi. Mke wa mtoto wake alikuwa amekaa sakafuni, kando kabisa ya kitanda, simu mkononi.

"Mama," kadhi akamwambia, "weka simu mahali itulie, kisha utoke nje, ufunge mlango."

Akaiegemeza simu kwenye mto. Alikaa akiitazama kwa muda, uso wake mkubwa umejaza kioo chote, kama anayetaka kusema kitu. Kisha akaondoka. Tukasikia mlango.

Shangazi akabaki peke yake. Akatazama mlango, akatazama simu, akatabasamu.

"Bi mkubwa," kadhi akaanza, "marehemu aliyasema maneno yale kabla ya kuugua au baada ya kuugua?"

"Alhamdulillahi," akajibu shangazi.

Kadhi akarudia swali, taratibu.

"Wote wazima," akasema. "Na nyie?"

Karani akaanza kushughulika na nyaya. "Mtandao, Mheshimiwa. Sauti haifiki."

Lakini kwenye visikizio vyangu sauti ya Unguja ilikuwa inaingia safi kabisa. Nje ya dirisha la shangazi alikuwa anapita muuza samaki, nami nikisikia hata aina za samaki anazozitaja. Nikamtazama shangazi. Muuza samaki alipiga kelele chini ya dirisha, sauti ya kumshtua mtu yeyote, na yeye hakugeuza shingo. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, chini kidogo, mahali ambapo midomo ya kadhi ingekuwa. Nimeshawaona wazee wengi wakinitazama hivyo kituoni, midomoni.

"Mheshimiwa," nilisema, "si mtandao. Shangazi hasikii."

Kadhi akamgeukia mtoto wa shangazi. "Ni kweli?"

Alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. "Kweli, Mheshimiwa. Amekuwa hivyo mwaka wa pili sasa. Lile sikio moja lilitangulia, la pili likafuata."

"Na mkeo alikuwa anafanya nini?"

"Anamrudia maswali. Mama anaijua midomo ya mke wangu, amemzoea."

"Kwa nini hukuieleza mahakama?"

"Mama ndiye aliyekataa. Anasema watu wakijua hasikii watakuwa wanamsema mbele ya uso wake."

Nilitamani kumwamini, na nusu yangu ilimwamini. Nusu nyingine iliwaza lile ambalo kadhi alilitamka papo hapo kwa sauti:

"Basi hapa tulipo, mimi najua nilichouliza, na nyinyi mmesikia alichojibu. Lakini yeye aliulizwa nini, nani anajua?"

Akamgeukia tena mtoto wa shangazi.

"Anajua kusoma?" kadhi akauliza.

"Hakusoma skuli, Mheshimiwa," akasema mtoto wake.

"Anasoma," nilidakia. "Anasoma herufi za Kiarabu. Alikuwa na chuo cha Qur'ani barazani kwake. Mimi juzuu yangu ya kwanza nilisoma kwake, na kaka pia, na huyo mwanawe. Ukimwandikia Kiswahili kwa herufi hizo atasoma."

Kadhi alinitazama, yaani aliitazama runinga, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Akaomba karatasi kubwa na kalamu nene. Akaandika mwenyewe, polepole, akiwekea irabu kila herufi kama anavyoandikiwa mtoto. Alipoinua karatasi mbele ya kamera akasita, kwa sababu kwenye runinga yao maandishi yalionekana yamegeuka nyuma mbele.

"Kwangu yanasomeka sawa, Mheshimiwa," nilimwambia. "Na kwake pia."

Shangazi aliinama hadi paji la uso likakaribia kutugusa. Akasoma kwa sauti, akivuta silabi vile vile alivyokuwa akituvutia sisi watoto: "Ndu-gu-yo... a-lim-pa... mwa-na-o... sha-mba?"

Akarudi nyuma, akakunja uso. Na huyo sasa alikuwa shangazi yangu.

"Ampe vipi shamba? Shamba la baba yangu! Alimpa mikarafuu achume, yule alipokuwa kijana hana kazi. Achume, basi. Miti. Ardhi hakumpa ntu."

Mtoto wake alifumba macho. Kadhi akaandika tena, muda mrefu zaidi. Swali la pili lilikuwa: ulisema marehemu alikwambieni "hapa penu", alikuwa na maana gani?

Alisoma mpaka mwisho. Alipomaliza alikaa kimya, na safari hii nilijua kwamba anafikiri.

"Penu ni pangu mie," alisema. "Fungu langu. Toka baba yetu kafa, shamba lile halijagawiwa. Nikimuuliza ndugu yangu anambia, hapa penu, haendi ntu napo, subiri karafuu zipite. Zikapita. Nikisema tena, anambia subiri. Basi nikaona haya kumuuliza, ntu ndugu yangu. Nikasubiri mpaka kafa yeye." Akatazama kamera sawasawa. "Kwani hamjui? Ntoto wake nkubwa anajua. Alikuwepo, alikuwa kashika bakora ya baba yake."

Mtoto wake mkubwa ni kaka yangu. Nilimtafuta kwenye kioo. Uso wake pale ulikuwa mdogo kama ukucha, nami nilipanua picha kwa vidole mpaka ikawa ukungu mtupu, nisione chochote. Nilipoirudisha alikuwa bado ameinamia vidole vyake.

Nilikuwa nimeshuku kila mtu: mke wa mtoto wa shangazi, mtoto wa shangazi, karani, mtandao wenyewe. Baba sikumshuku hata mara moja. Baba alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, mtu aliyetufundisha tusiokote hata embe lililoangukia upande wa jirani. Na shamba tulilokuwa tunalipigania, alilokuwa akilichuma maisha yake yote, theluthi moja haikuwa yake.

Sikungoja jioni. Kadhi alipoahirisha tu, nikampigia kaka akiwa bado kwenye ngazi za mahakama.

"Ulijua?"

"Nilikuwa mdogo."

"Sijakuuliza umri. Ulijua?"

Nilisikia pikipiki zikipita upande wake. "Baba alisema atalimaliza mwenyewe," akajibu. "Kila mwaka alisema. Alipougua nikataka kumkumbusha, nikaona naye anaumwa, nitamwambia nini?"

"Na alipofariki?"

"Alipofariki shangazi alikuwa kimya. Nikadhani amesamehe."

"Kimya! Hasikii, kaka!"

"Nitajuaje kuwa hasikii?"

Hilo lilikuwa kweli, na halikunisaidia. Tulikaa siku nyingi hatupigiani.

Siku ya hukumu muuguzi mwenzangu alikuwa amerudi kazini, nikavuka kwenda Chake mimi mwenyewe. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyokizoea simuni. Karani akanipa mkono kwa furaha na kucheka, na nikagundua kwamba ndivyo anavyompa kila mtu.

Kadhi alisoma hukumu yake bila mbwembwe. Hiba haikuthibiti. Ruhusa ya kuchuma mikarafuu ilikuwa ni ruhusa tu, na ilikwisha kwa kifo cha aliyeitoa. Lakini kabla ya kugawa mirathi ya baba yetu, igawiwe kwanza ya babu yetu: mafungu mawili ya baba, fungu moja la dada yake. Lililobaki baada ya hapo ndilo letu sisi wawili. Mtoto wa shangazi alitoka bila kutuaga. Kaka alinisubiri mlangoni, akasema, "Twende ukale nyumbani," nikaenda, tukala, tukazungumza habari za watoto wake.

Siku ya kupima shamba, shangazi alikuja. Mtu tuliyeambiwa hawezi bahari alishuka melini kwa miguu yake mwenyewe, ameshika mkono wa mkwewe, anauliza mbona kumejengwa hivi hapa. Nilipomkumbatia alinishika mashavu, akanitazama midomo.

"Nilikuona kwenye simu," akasema. "Umekunja uso kama askari."

Nilikuwa nimebeba daftari dogo kwa ajili yake. Nikaandika, kwa herufi zangu mbaya: *Walisema huwezi safari.*

Akalisoma, akanirekebisha irabu moja kwa kidole, kisha akasema, "Waliniuliza? Mie sikuulizwa na ntu."

Nikamgeukia mtoto wake. Alikuwa anatazama mizigo.

Baadaye, wanaume walipotangulia shambani pamoja na sheha wa upande ule wa bondeni, nilibaki na mke wa mtoto wa shangazi tukipika chini ya banda la kukaushia karafuu. Alikuwa anakuna nazi. Ni mwanamke mtaratibu, mikono yake haina pupa. Nilimuuliza nililokuwa nimelibeba tangu Fundo.

"Wifi, zile siku za kesi, ulikuwa unamwambia nini?"

"Maswali ya kadhi."

"Yote? Kama yalivyo?"

"Kadhi anasema maneno marefu. Yeye marefu hayapati. Nilikuwa namfupishia."

"Swali la lini, kabla ya kuugua au baada. Lile ulimfupishia vipi?"

Akaacha kukuna. "Lile sikumwambia. Niliikata simu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa atasema nini?"

Akanitazama usoni, bila hasira. "Wewe huna mume aliyeshawatangazia watu mtaa mzima kwamba ana shamba Pemba," akasema. "Niliogopa yote. Nilikuwa namwambia yale ambayo naye ataweza kuyajibu bila kusema uongo. Hilo ndilo nililoliweza." Kisha akarudi kwenye nazi yake.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Siku nyingine naliona ni la mwanamke mwema aliyebanwa kati ya mume na mkwe. Siku nyingine naona ni maneno yaliyopangwa vizuri mno, hayawezi kuwa yamekuja papo hapo juu ya mbuzi ya nazi. Sijaamua.

Tulipofika bondeni upimaji ulikuwa umesimama. Kaka alikuwa ameshika ncha moja ya kamba ya kupimia na mtoto wa shangazi ncha nyingine, na baina yao mikarafuu imesimama kimya. Kila kaka alipoita namba, mtoto wa shangazi aliiacha ncha yake na kuja kuhakikisha mwenyewe kwa macho. Na kila akija, kaka naye anakwenda kule kutazama kama kigingi hakikusogezwa. Wakipishana njiani hawatazamani. Sheha alikuwa amekaa kwenye gogo, amechoka, anawaangalia.

"Hivi mtamaliza leo?" akawauliza.

Walimaliza, jua likiwa limeshapinda. Vigingi vikasimama upande wa kisima, ambako fungu la shangazi liliangukia. Sheha akamwita aje atazame, kisha akakumbuka, akanipa ishara niandike. Niliandika: *Hili hapa lako, kutoka kisimani hadi kule. Umeridhika?*

Shangazi alilisoma. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaenda kutoka kigingi hadi kigingi, akiushika kila mkarafuu alioufikia, akitaja huu alipanda nani na ule ulipandwa lini. Alipofika kigingi cha mwisho alisimama, akakitazama, akatazama kisima, akamtazama kaka yangu, akamtazama mwanawe, kisha akanitazama na mimi.

"Pimeni tena," akasema.

Sheha akacheka. Shangazi hakucheka. Kaka akaokota ncha ya kamba, tukapima tena.